Mtutu wa baba na mtoto anayetambaa barazani

Baba yangu ana bunduki ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani. Anaimiliki kwa leseni, ina mitutu miwili iliyolala sambamba, na kazi yake ni moja tu: kuwatisha nguruwe pori na nyani wanaoingia kwenye mahindi. Kwa sisi tuliokulia kijijini, pembeni ya pori, hilo si jambo la ajabu. Najua baadhi yenu mnaosoma mkiwa kwenye daladala mtashtuka kidogo kuikuta bunduki kwenye ukurasa wa familia. Lakini imo ndani ya familia, wala si ya kwetu peke yake, kwa hiyo tuizungumze.

Sitazungumzia kupiga bunduki. Nataka kuzungumzia kuisafisha.

Kazi hiyo ina pande mbili ambazo mara nyingi hazikutani. Wenye bunduki hufikiria mtutu: usikwaruzike, usile kutu, usije ukapasuka. Sisi tunaoandika habari za afya hufikiria kile kinachotoka ndani ya mtutu na kinakokwenda baada ya hapo. Mwaka huu pande hizo zilikutana kwenye baraza ya wazazi wangu, kwa sababu dada yangu alikwenda kukaa nyumbani miezi mitatu na mtoto wake wa miezi kumi. Mtoto anatambaa. Kila anachokiokota anakionja kwanza, halafu ndiyo anakiangalia.

Kiswahili chetu kinatumia neno moja, risasi, kwa kinachopigwa na bunduki na kwa madini yale mazito, laini, ya kijivu. Ni jina linalostahili. Marisau mengi, yaani zile gololi ndogo zinazojazwa ndani ya ganda, bado hutengenezwa kwa madini ya risasi. Kiwashio kilichoko kwenye kitako cha ganda nacho mara nyingi kina kemikali yenye madini hayohayo. Bunduki inapolia, marisau yanasugua kuta za mtutu na moshi wa kiwashio unatulia humo ndani. Ukichungulia mtutu uliotumika utaona mistari ya kijivu. Sehemu yake ni risasi, sehemu nyingine ni plastiki iliyoyeyuka kutoka kwenye kile kikombe kidogo kinachobeba marisau ndani ya ganda, na sehemu nyingine ni masizi ya baruti.

Sasa, kumwona baba akisafisha mitutu yake ni kumwona mtu asiye na haraka kabisa. Amekuwa mwalimu miaka thelathini na kitu, na anasafisha bunduki kama alivyokuwa akisahihisha madaftari.

Anaanza kwa kuifungua na kutazama kwa macho kwamba chemba zote mbili ni tupu. Halafu anaingiza kidole cha mwisho, kwanza chemba ya kulia, kisha ya kushoto. Hata kama aliifungua nusu saa iliyopita, hata kama haijaguswa tangu mwezi uliopita, anarudia. Risasi zenyewe hazikai chumba kimoja na kazi hiyo. Zinabaki zimefungiwa kwao, na ufunguo uko mfukoni mwake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha aitunze mahali salama, na baba huipenda hiyo sheria kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Baada ya hapo anatoa ile mbao ya mbele, anaikunja bunduki na kuitenganisha mitutu na kitako. Bunduki nyingi za aina hii hutengana hivyo bila kifaa chochote, na nashauri ifanyike kila mara. Mitutu iliyo peke yake haiwezi kufyatua kitu. Pia unaweza kuibeba kwenda popote, na hilo ndilo jambo nililolihitaji baadaye nilipoanza kubishana naye.

Anaielekeza mitutu angani, mbali na jua, na kuchungulia kutoka nyuma. Uchafu huwa mwingi sehemu mbili: mbele kidogo ya chemba, pale njia inapoanza kuwa nyembamba, na karibu na mdomo, pale mtutu unapobanwa ili marisau yasisambae mapema. Katikati huwa afadhali. Watu wengi husugua katikati kwa sababu ndiko kunakofikika kirahisi.

Kisha analowesha kitambaa kidogo kwa dawa ya kusafishia bunduki, anakipitisha, na kuacha. Dakika kumi, kumi na tano. Anakunywa chai. Nilipomuuliza kwa nini asianze kusugua mara moja, alisema, "Mama, dawa ndiyo inayofanya kazi. Mkono wangu unakuja kubeba taka tu." (Mimi ndiye "mama" hapo. Nina jina la bibi, mama yake.)

Nimelikumbuka sana jibu hilo, kwa sababu karibu kila mtutu ulioharibiwa na usafi umeharibiwa na mtu aliyetaka nguvu ifanye kazi ya dawa. Chuma cha mtutu ni kigumu, lakini ndani yake kimelainishwa kwa ustadi, na mitutu mingi ya kisasa imepakwa kromu ili isishike kutu. Ukipitisha msasa, au stili waya ile ya kusugulia masufuria, unaacha mikwaruzo midogo. Siku hiyo mtutu utang'aa na utajisifu. Masika yakija, unyevu utajificha kwenye mikwaruzo hiyohiyo na kutu itaanzia hapo. Kwa hiyo brashi iwe ya shaba, ambayo ni laini kuliko chuma cha mtutu lakini ngumu kuliko uchafu. Ufito wa kuisukumia uwe wa mbao, shaba au alumini. Kipande cha nondo hapana, na waya wa baiskeli hapana.

Brashi huingia kutokea nyuma, upande wa chemba, na kutokea mbele. Hilo lina sababu mbili. Taka zinasukumwa mbali na sehemu za kufyatulia, na ule ukingo wa mdomo haugongwigongwi na ufito. Iache brashi itoke yote kwa mbele kabla ya kuirudisha. Ukiigeuza ikiwa bado ndani, nyuzi zake zinapinda na kukwama. Baba huipitisha mara kumi hivi kila mtutu, anaweka dawa tena, halafu vitambaa vikavu, kimoja baada ya kingine, mpaka kitoke jinsi kilivyoingia. Mistari ya plastiki ni mibishi na inaweza kuhitaji kulowekwa mara mbili. Kinachobakia kama kivuli baada ya hapo, anamwachia fundi wa silaha mwenye leseni.

Mwisho ni mafuta ya bunduki, tone dogo kwenye kitambaa safi, yaache utando tu. Wengi humimina. Mafuta yaliyozidi hutiririka hadi kwenye mashine na kuingia kwenye mbao ya kitako, na mbao iliyolewa mafuta hulainika na kupasuka. Kabla ya kuitumia tena, utando huo unafutwa kwa kitambaa kikavu na mtutu unachunguliwa upya. Kitambaa kilichosahaulika ndani, au kiota cha nyigu, kinatosha kuupasua mtutu mkononi mwa mtu. Nimewahi kuandika habari za wodi ya majeruhi, sitaki kueleza zaidi.

Wenye magobore, yale ya kushindiliwa baruti kwa mbele, wana hesabu tofauti kidogo. Baruti nyeusi huacha chumvi zinazovuta unyevu na kula chuma haraka, na dawa ya bunduki peke yake haizitoi vizuri. Hapo maji ya moto na sabuni ndiyo dawa, siku hiyohiyo, kisha kukausha kabisa na kupaka mafuta.

Kuna mzee mmoja kijijini, simtaji, aliyesikia kwamba risasi huyeyuka kirahisi. Ni kweli, huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 hivi. Akaweka mitutu yake juu ya jiko la mkaa ili ule uchafu wa kijivu utiririke wenyewe. Asichokijua ni kwamba mitutu miwili mingi ya zamani imeunganishwa kwa lehemu laini, na lehemu hiyo huyeyuka mapema kuliko risasi. Mitutu ikaachana. Wajukuu walikuwa wamelizunguka jiko wakitazama, na huo moshi ndio ulionishughulisha mimi zaidi ya bunduki yake.

Hapa naomba nivae kofia ya kazi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima aliyemeza kiasi hichohicho. Inakwenda kwenye ubongo unaokua, kwenye damu na kwenye figo, na inajiweka kwenye mifupa kama akiba. Mama mjamzito mwenye akiba hiyo anaweza kuipitisha kwa mtoto tumboni. Mtoto asiyepata chuma na kalsiamu ya kutosha kwenye chakula huifyonza zaidi, na watoto wa namna hiyo tunao wengi.

Dalili nazo hazina sura yao. Tumbo kuuma, choo kigumu, upungufu wa damu, hasira, mtoto kuchelewa kujifunza. Mama gani ataambiwa hayo afikirie bunduki? Atafikiria minyoo. Vituo vingi vya afya havina kipimo cha risasi kwenye damu, kwa hiyo hata daktari mzuri huanza na minyoo.

Nisikuze mambo. Kinachotoka kwenye mitutu miwili baada ya msimu wa mahindi hakilingani na Zamfara, Nigeria, ambako mwaka 2010 iligundulika mamia ya watoto wamekufa baada ya familia kusaga majumbani mawe ya dhahabu yaliyokuwa na risasi. Wala hakilingani na mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa, ambako wakazi waliishi na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu hadi wakaishia mahakamani. Lakini kote huko vumbi lilipita njia ileile ndogo ninayoizungumzia: mkononi, sakafuni, mdomoni. Na njia hiyo ndiyo niliyoiona nyumbani.

Baba alikuwa akisafishia barazani, juu ya mkeka. Vitambaa vilikuwa vipande vya khanga kuukuu za mama. Akimaliza alivitupia kwenye beseni, mama akavifua, vikaanikwa kwenye kamba moja na nguo za mtoto. Mkeka ukakung'utwa na kurudishwa. Jioni mtoto alitambaa juu yake kwa sababu baraza ndiyo yenye upepo. Kila hatua ilikuwa ya mtu msafi na mwenye kubana matumizi. Sikuona uzembe wowote, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kusema.

Niliwasubiri wamalize kula. Nikamwambia, "Baba, nina ombi kuhusu bunduki."

"Unataka niiuze?"

"Hapana. Nataka uhamie nyuma ya ghala."

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema yeye ameisafisha pale barazani kabla sisi hatujazaliwa, na sote watatu tumefika chuo kikuu. Ni hoja nzito na sikuwa na jibu la kuishinda, maana hakuna anayejua tungekuwa nani vinginevyo. Nilimweleza tu kuhusu zile mara nne hadi tano. Baba ni mwalimu wa hesabu. Aliniuliza nimeitoa wapi namba hiyo, nikamwonyesha kwenye simu, akasoma mpaka chini, akaomba miwani, akasoma tena.

Siku hizi anasafishia nyuma ya ghala, upande ambao kuku hawafiki. Kwa kuwa mitutu inatengana, anaibeba hiyo tu. Bunduki iliyobaki inakaa kabatini imefungwa. Anatandika magazeti (ndiyo, haya yetu), anavaa glavu za mpira za bei rahisi za duka la dawa na shati moja kuukuu ambalo halifuliwi na nguo za wengine. Vitambaa vikishatumika haviingii kwenye beseni lolote. Vinakwenda kwenye kopo lenye mfuniko, pamoja na gazeti lililokunjwa kwa ndani. Haviingii jikoni kuwashia moto pia, kwa sababu risasi haiteketei. Inabaki kwenye majivu, na majivu kwetu husugulia masufuria.

Mikono ananawa kwa maji na sabuni kabla ya kumgusa mtu. Kile kitakasa mikono tulichokizoea tangu korona hakisaidii hapa. Kinaua vijidudu, lakini vumbi la madini linabaki palepale mpaka maji yalibebe. Sakafu pia haifagiwi kavu, inapigwa deki, maana ufagio unalipeperusha vumbi na kulishusha upya. Na mwenye mimba asipewe kazi hii, hata ya kushika kopo.

Lipo jambo la pili ambalo naliona la haraka kuliko hata risasi. Wengi hawana dawa maalumu ya kusafishia bunduki, wanatumia mafuta ya taa. Kwa mtutu, mafuta ya taa si mabaya, yanalegeza uchafu, mradi uyafute yote na upake mafuta ya bunduki baadaye. Tatizo ni chombo. Yanakaa kwenye chupa ya soda au ya maji, chini, karibu na mkeka. Mtoto wa miaka miwili akiona chupa ya soda anajua inavyotumika.

Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe. Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi. Yakipanda tena yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo yanapoua. Maziwa si dawa yake, ingawa bibi zetu wote wanayaamini. Mvue nguo zilizolowa, mpeleke hospitali mara moja na ubebe chupa. Petroli usiitumie kabisa, inashika moto kwa cheche ambayo hukuiona.

Kwenye simu pia inazunguka mbinu ya kuchanganya siki na peroksaidi, eti inamaliza risasi ndani ya mtutu kwa dakika chache. Inaitoa kweli. Lakini inaigeuza kuwa chumvi ya sumu inayoyeyuka kwenye maji, ambayo mwili unaipokea kwa urahisi kuliko kile chuma, na wakati huohuo inakula ile rangi ya buluu-nyeusi ya mtutu na kuukaribisha kutu. Baba alipoisikia alisema ni dawa ya mtu mwenye haraka, na kwake hakuna tusi kubwa kuliko hilo.

Mtoto ni mzima, anakula, ameanza kusimama kwa kushika viti. Tumekubaliana kwamba dada akirudi mjini atamwomba daktari ampime damu yake, kwanza upungufu wa damu, halafu tuulizie wapi kinapatikana kile kipimo kingine.

Kilichobaki ni mkeka. Baraza tuliipiga deki mara mbili, kamba ya nguo tukaifuta, lakini ukindu hauoshiki mpaka ndani ya msuko, na mimi nilitaka mkeka ule uondoke. Mama hataki kusikia. Ulisukwa na mama mkubwa, dada yake, mwaka aliofariki. Kwa sasa umeviringishwa na kufungwa kwenye gunia juu ya dari ya ghala, na mtoto ametandikiwa khanga.